Ferguson Ndogo ya Kijivu

Wasifuo Ferguson TE20, iliyotengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1946 hadi 1956, huanza na udogo wake. Mimi naanza na mikono yake mitatu ya nyuma: plau ikizama ardhini, mvuto wa udongo huyakandamiza magurudumu ya nyuma, na trekta nyepesi ikalima kama nzito. Tena huwashwa kwa mkono wa gia, hivyo haiwaki ikiwa imeingizwa gia; aliyebuni hilo ningempa alama zote.

Lakini klachi! Ukiikanyaga trekta isimame, mashine ya kukatia majani iliyo nyuma nayo husimama, na pampu ya kunyanyulia vilevile. Penye majani mazito dereva hutaabika. Dawa yake, klachi ya hatua mbili, ilikuja na FE35 mwaka 1956, wala si kwa kila mnunuzi.