Woga, Heshima na Ile Namba 64

Mwezi uliopita alitujia kijana mmoja tuliyemfundisha Kiswahili zamani, ambaye sasa anasomea shahada ya uzamili katika mawasiliano baina ya tamaduni na elimu. Alikuwa na hojaji ya kurasa nne, akatuomba tumnyoshee Kiswahili chake kabla hajaipeleka kwa walimu wa Kikongo wanaofundisha katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda. Tuliipokea kwa furaha. Lugha ambayo katika nchi yetu iliitwa kwa miaka mingi lugha ya askari imefika mahali pa kufanyiwa utafiti wa chuo kikuu, na mwalimu wa Kiswahili asiyefurahia jambo hilo ana moyo mgumu. Lakini tulipofika swali la saba, kalamu yetu ilisimama.

Swali hilo liliuliza ni mara ngapi walimu huogopa kumwambia mkuu wao kwamba hawakubaliani naye. Halikuwa la kijana huyu. Asili yake ni kazi ya Mholanzi Geert Hofstede, ambaye kitabu chake, Culture's Consequences, kilitolewa mwaka 1980, na tangu hapo kimekuwa nguzo ya masomo haya kila yanakofundishwa. Kwa hiyo tahakiki yetu haimhusu kijana. Inakihusu kitabu, na zaidi ya hapo inahusu namna kinavyosomeshwa.

Yafaa kwanza tumpe mwandishi haki yake. Alikusanya majibu zaidi ya 116,000 ya wafanyakazi wa kampuni ya IBM, yaliyopatikana kati ya mwaka 1967 na 1973, akauliza swali la maana: je, watu wenye kazi ya namna moja na mwajiri mmoja huhitilafiana kwa sababu ya mataifa yao? Tena alionya kwa maneno ya wazi kwamba namba zake ni za mataifa, wala si za kumpimia mtu mmoja mmoja. Onyo hilo husahauliwa mapema mno. Wanafunzi wengi hawakufika ukurasa ulioliandika. Wamepewa jedwali tu.

Katika jedwali hilo Marekani imepewa 40 kwa kile anachokiita umbali wa mamlaka, yaani kadiri ambavyo watu wa chini wanakubali na kutazamia kwamba mamlaka hayagawanywi sawasawa. Afrika Mashariki, ambayo haikuwamo miongoni mwa nchi 40 za kitabu cha kwanza bali iliongezwa baadaye, imepewa 64. Afrika Mashariki ipi? Ni Ethiopia, Kenya, Tanzania na Zambia, zimetiwa katika chungu kimoja. Uganda haimo. Kongo haimo. Hata hivyo kijana wetu aliiandika 64 hiyo katika sura yake ya kwanza kama sifa ya Waganda, na msimamizi wake hakutia hata alama ya kuuliza pembeni.

Hebu tuitazame miaka yenyewe. Ethiopia ilikuwa chini ya Mfalme Haile Selassie hadi alipopinduliwa mwaka 1974. Tanzania ilikuwa imetangaza Azimio la Arusha mwaka 1967, na neno "ndugu" likawa anwani ya waziri na ya mkulima vilevile. Lakini waziri huyohuyo aliyeitwa ndugu, akikutana na mzee wa kijijini kwao, ndiye aliyetoa shikamoo, na mzee akamjibu marahaba. Mamlaka ya cheo yalishuka, heshima ya umri ikabaki pale pale. Namba moja haiwezi kusema ni umbali upi kati ya hiyo miwili unaopimwa. Nasi hatuoni vipi wafanyakazi wa kampuni ya kompyuta mjini wangeweza kumsemea mzee yule.

Turudi kwenye swali la saba, maana hapo ndipo penye kiini. Kiswahili hakina neno moja la kuogopa. Mtu humwogopa simba. Mungu humcha, ndiyo maana tukasema mcha Mungu, wala hatukusema mwoga wa Mungu. Mkwewe humwonea haya. Mkubwa wake humstahi. Na mara nyingine huchelea kusema neno lisije likaharibu ujirani. Yote haya yanaweza kumfanya mtu anyamaze katika kikao cha walimu. Mwenye kuuliza "Je, unaogopa?" amewafungia milango minne na kuwaachia mmoja. Kiluganda, lugha ya mama ya kijana wetu, hutumia kitenzi okutya kwa simba na kwa Mungu pia, na pengine ndiyo sababu hakuona tofauti. Sisi hatumlaumu. Tunajiuliza tu kwa nini, katika miaka yote ya masomo ya mawasiliano baina ya tamaduni, hakuna aliyemwambia afungue kamusi.

Kuna kasoro nyingine, ambayo tuliicheka kwanza kisha tukanyamaza. Katika mahojiano ya majaribio, mwalimu mmoja wa Kikongo alisema kwamba kule kwao hakuthubutu kumpinga prefe. Kijana akaandika: kiranja. Ikawa mwalimu mzima amemwogopa mwanafunzi! Kumbe katika shule za sekondari za Kongo, kwa desturi iliyotoka kwa Wabelgiji, prefe ndiye mkuu wa shule mwenyewe. Kwetu tuliorithi shule za Waingereza, prifekti ni mtoto anayepiga kengele na kuandika majina ya wapiga kelele. Hapo ndipo mawasiliano baina ya tamaduni yalipokuwa, mbele ya macho yake, katika neno moja lililopita bandari mbili. Tasnifu ililitupa neno hilo likabaki na jedwali.

Wapo watakaosema kwamba mwenye stashahada ya ualimu hana kimo cha kubishana na vitabu vya uzamili. Huenda. Lakini Brendan McSweeney, mwaka 2002, aliuliza katika jarida la wataalamu kama wafanyakazi wa kampuni moja wanaweza kuwakilisha taifa zima, wala jedwali halikuondolewa madarasani. Na matokeo yake si ya karatasini tu. Ripoti kama hii husomwa na wanaoajiri walimu. Ikiandikwa kwamba walimu wa Kikongo ni waoga mbele ya wakuu wao, kuna watakaonyimwa uongozi wa idara kwa sababu walikuwa na adabu.

Tulimwandikia swali jingine: "Mara ya mwisho hukukubaliana na mkuu wako, ulifanya nini, na kwa sababu gani?" Tukaacha mistari sita mitupu chini yake. Msimamizi alilirudisha, akisema majibu ya namna hiyo hayalinganishiki na ya nchi nyingine. Kijana amekwenda Nakivale na hojaji mbili, moja ya msimamizi na moja yetu, na ametuahidi kutuletea ile yenye mistari.