Diego Suarez, Mei 1942: Bandari Iliyotwaliwa kwa Mlango wa Nyuma

Mizinga mikubwa ya Wafaransa kule Diego Suarez, kaskazini kabisa mwa Madagaska, ilielekezwa mashariki, kwenye mlango mwembamba wa kuingilia bandarini. Meja Jenerali Robert Sturges na Admirali Edward Syfret, waliotumwa na Uingereza kuitwaa bandari hiyo, hawakuthubutu kuupita mlango huo. Walishusha majeshi magharibi.

Haraka yao ilikuwa na sababu. Singapore ilikuwa imeanguka Februari, Wajapani wameshambulia Ceylon mwezi Aprili, na manowari za Waingereza zimekimbilia Kilindini. Kama serikali ya Vichy, ile ya Ufaransa iliyoshirikiana na Ujerumani, ingewaachia Wajapani Diego Suarez, nyambizi zao zingezivizia meli zote za kwenda Misri na India kwa Mkondo wa Msumbiji.

Magharibi kulilindwa zaidi na miamba. Usiku wa kuamkia Mei 5, meli za kufagia mabomu zilitangulia, maboya ya taa yakawekwa, na meli za askari zikafuata gizani. Makomando waliikuta mizinga ya Ghuba ya Courrier, walinzi wake wamelala. Upande wa pili wa rasi, manowari Hermione ilifyatua fataki ili macho ya Wafaransa yabaki mashariki.

Wengi husifia hatua hiyo ya kwanza, na inastahili sifa. Lakini Antsirane, mji wa bandari hiyo, ulikuwa bado mwendo wa kilomita kama 30, na njiani palikuwa na mahandaki na ngome zilizojengwa enzi za Joffre, ofisa wa jeshi la Ufaransa, pande zote mbili zikiishia kwenye mikoko. Kanali Claerebout, kamanda wa Wafaransa, alijua thamani ya mahali hapo. Vifaru vya Waingereza viliteketea mbele yake, na shambulio la alfajiri ya Mei 6 likavunjika.

Kilichoniuma zaidi katika habari za siku ile ni redio. Batalioni moja ya Waingereza ilikwisha penya nyuma ya mahandaki na kushika mateka wengi, lakini redio zake hazikufanya kazi. Brigedia Festing, aliyeongoza shambulio hilo, asijue lolote, aliamini shambulio lote limeshindwa. Ushindi ulikuwa mkononi, wakaurudisha.

Mchana huo Sturges alikwenda kwa Syfret kuomba msaada. Syfret akampa manowari ya kasi Anthony na askari wa majini 50 chini ya Kapteni Price. Iliizunguka rasi katika bahari iliyochafuka, ikakatiza usiku ule ule mlango ulioogopwa, risasi zikiipitia juu, ikarudi kinyumenyume hadi gatini na kuwashusha. Syfret hakutarajia wengi wao waione asubuhi. Walileta fujo kubwa mjini wakati brigedi nyingine ikishambulia kutoka kusini, na mji ukaanguka. Kwa maoni yangu huo ndio uamuzi uliobeba vita: amiri alikubali kuhatarisha meli yake kwa ajili ya jeshi la nchi kavu, bila kungoja kikao.

Ila ulinzi wa bandari baada ya ushindi ulikuwa hafifu. Mei 30 nyambizi ndogo ya Kijapani iliingia humo humo na kuipiga torpedo manowari Ramillies.

Sehemu iliyobaki ya kisiwa ilihitaji watu wa kutembea, na hapo walikuja askari wetu wa KAR (King's African Rifles), kutoka Kenya, Tanganyika na Nyasaland, katika Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki. Kutoka Majunga, Septemba, walielekea Tananarive, wakaupita mto Betsiboka juu ya daraja lililoangushwa, kisha wakaendelea kusini, wakiondoa magogo na kuta za mawe barabarani. Huko Andriamanalina, Oktoba 19, walizunguka milima kwa miguu, wakatokea nyuma ya Wafaransa alfajiri na kushika mamia ya mateka. Mapatano yalitiwa saini Novemba 6.