Gita la Mwenda Jean Bosco na Kiswahili Chake

Jina la Mwenda Jean Bosco si geni kwa wapenzi wa muziki wa Kiswahili, lakini ni nadra kuziona santuri zake zikihakikiwa kama kazi ya sanaa. Mwenda alizaliwa mwaka 1930, akakulia Katanga. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi mjini Jadotville, ambao leo huitwa Likasi. Miongoni mwa nyimbo zilizotokana na kazi hiyo ni "Masanga" na "Bombalaka".

Tunachosikia humo ni mtu mmoja na gita moja lisilo na umeme. Kidole gumba hushika sauti nzito, na kidole cha shahada hufuma sauti nyembamba. Kila anaporudia, Mwenda huongeza badiliko dogo. Ndiyo sababu David Rycroft, kuanzia mwaka 1961, alichapisha uchambuzi wa ubunifu wake. Mpenzi wa bluzi za Marekani atakumbuka kwamba Gary Davis naye alitumia vidole hivyo hivyo viwili. Hata hivyo, mapigo yanayopishana, matatu juu ya mawili, ni urithi wa ngoma zetu. Mwaka 1969 wasikilizaji wa tamasha la Newport, Marekani, walijionea wenyewe.

Kasoro haikosekani. Uzito wa "Masanga" umo katika nyuzi kuliko katika maneno. Atafutaye utenzi uliokamilika hataupata.

Wako walimu wasiotaka nyimbo hizi ziingie darasani, kwa hoja kwamba Kiswahili cha Katanga hakifuati upatanisho: husemwa "kitabu yangu" badala ya "kitabu changu". Hoja hiyo ina uzito, kwani mtihani hudai lugha sanifu. Lakini hapa Cibitoke wanafunzi wetu wengi huja na Kiswahili cha namna hiyo kutoka nyumbani. Tukiufukuza wimbo, tutakuwa tumemwambia mtoto kwamba lugha ya mama yake haiwezi kuzaa sanaa, naye atakiogopa Kiswahili chote.

Kwa maoni yetu, mwalimu auchezeshe wimbo mara mbili, wanafunzi wayaandike maneno wanayoyasikia, kisha wayalinganishe na sarufi ya kitabuni. Mwenda alifariki mwaka 1990 katika ajali ya barabarani nchini Zambia. Santuri zake zingali zikisikika, na kazi ya kuzisomesha ni yetu.