Manowari Ina Kitabu

Neno manowari tulilipokea kutoka kwa mabaharia wa Kiingereza, tukalipa irabu zake, na leo hakuna mwanapwani anayelihisi kuwa ni la kigeni. Ila neno hili ni pana mno. Manowari ni meli yoyote ya vita: ile kubwa iliyovikwa chuma kama ngome, na ile nyembamba yenye mbio ambayo kazi yake ni kusindikiza misafara, kuwinda nyambizi na kutupa mapipa ya baruti yanayopasukia chini ya maji. Waingereza wana jina mahususi kwa hiyo ya pili. Sisi hatuna, na mfasiri akikutana nayo hana budi kuieleza. Mimi nilikutana nayo katika kitabu cha G. G. Connell, Fighting Destroyer, kilichotoka mwaka 1976, nacho ni wasifu wa manowari moja ya aina hiyo iitwayo Petard.

Wasifu wa meli ni fani inayojitegemea katika fasihi ya Kiingereza. Meli huzaliwa katika karakana, hupewa jina, hupata nahodha mkali na nahodha mpole, hujeruhiwa, huzeeka, huuzwa chuma chakavu. Connell aliijua Petard kwa kuwa aliitumikia kama ofisa, na hilo linampa kalamu nguvu. Meli yenyewe ilistahili kuandikiwa. Tarehe 30 Oktoba 1942, katika Mediterania, iliibana nyambizi ya Kijerumani U-559. Mabaharia wake Fasson na Grazier wakaingia ndani ya nyambizi iliyokuwa ikizama, wakatoa vitabu vya siri vya mashine ya Enigma, wakafa humo. Kijana wa kantini, Tommy Brown, aliyekuwa na umri wa miaka 16, akanusurika. Desemba ya mwaka huo huo ikashiriki kuizamisha nyambizi ya Kiitalia Uarsciek. Kisha ikaja upande wetu, katika vita na Mjapani, na hapo ndipo kitabu cha Kiingereza kinapogusa maji yetu.

Vita hivyo tumezoea kuviweka mbali, katika Pasifiki, kana kwamba havikufika kwetu. Vilifika. Baada ya Wajapani kushambulia Colombo mwezi Aprili 1942, makao ya manowari za Kiingereza yalihamishiwa Kilindini, na shule ya Allidina Visram ya Mombasa ikageuzwa kituo cha kufumbua siri za jeshi la majini la Japani. Mwezi Februari 1944 msafara wa meli tano ulitoka Kilindini kwenda Colombo. Mojawapo ilikuwa Khedive Ismail, yenye watu 1,511. Karibu 1,000 kati yao walikuwa wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika ya Mashariki, waliokuwa njiani kwenda kupigana Asia.

Tarehe 12, siku ya Jumamosi alasiri, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga Khedive Ismail kwa topido. Meli ikazama kwa muda usiofika dakika mbili. Walikufa watu 1,297, wakiwemo wanawake 77, wengi wao wauguzi. Waliookolewa ni 214. Nyambizi ilijificha chini ya maji yale yale waliyokuwa wakiogelea walionusurika, na Petard, pamoja na mwenzake Paladin, ilikuwa na kazi moja, kuiangamiza kabla haijageukia meli nyingine nne. Petard iliingia katikati ya waogeleaji ikatupa mapipa yake. Nyambizi ikalazimika kuibuka. Paladin ikajaribu kuigonga, ikapasuliwa ubavu. Mwisho topido ya Petard ikaimaliza. Kwa hiyo Petard ikawa imeshiriki kuzamisha nyambizi za Ujerumani, Italia na Japani, zote tatu, na sifa hiyo ndiyo inayoibeba hadi leo katika vitabu vya vita.

Hapa pana jambo ambalo mtu halioni mpaka ajaribu kufasiri. Kiingereza huiita meli kwa kiwakilishi cha mwanamke. Nahodha anampenda, anamhurumia, anajivunia mbio zake. Sentensi ikiingia katika Kiswahili, sarufi inakataa. Meli ni ya ngeli ya i-zi: iliingia, ilitupa, ilipasuliwa. Walio majini ni wa ngeli ya a-wa: waliogelea, walipiga kelele, walikufa. Mfasiri hajaongeza hata neno moja, lakini uhai umekwishahama kutoka kwenye chuma kwenda kwa watu. Ukurasa ambao kwa Kiingereza ni wa Petard, kwa Kiswahili unakuwa wa askari wa mizinga. Sijapata kuona hoja bora kuliko hiyo ya kwa nini kisa hiki kingetungwa kwa Kiswahili tangu mwanzo, pasipo kungoja kufasiriwa.

Simlaumu Connell. Fani yake inamtaka asimame kwenye staha, na kutoka kwenye staha mtu aliye majini ni kichwa tu. Mwaka 1997 alitokea mwandishi mwingine, Brian Crabb, akaandika kitabu kizima juu ya Khedive Ismail. Baba yake alikuwa miongoni mwa walionusurika. Mtoto amekumbuka meli ya babaye, akaiandikia. Wale askari wa kikosi cha 301 nao walikuwa na watoto.

Watoto na majina: maneno hayo mawili yananirudisha Dar es Salaam, kwenye makutano ya Barabara ya Samora na Mtaa wa Maktaba, inaposimama sanamu ya Askari tangu mwaka 1927. Sanamu hiyo ni ya vita vilivyotangulia, vya 1914 hadi 1918, nayo ndiyo inayotuonyesha jinsi mji huu unavyowakumbuka waliopiganishwa. Chini yake pana maandishi, na ya Kiingereza yanatajwa kuwa ni ya Rudyard Kipling. Yanawataja askari, yanawataja wapagazi kwa kuwafananisha na viungo vya mwili wa jeshi, kisha yanamwahidi aliyekufa kwamba wanawe watalikumbuka jina lake. Kama maandishi, ni mazuri. Ni mafupi, yana uzito, na tashbihi ya viungo ni ya haki, kwani bila wapagazi jeshi lile lisingepiga hatua. Lakini ahadi inahusu jina, na katika jiwe hilo hakuna jina hata moja. Wadachi, walipokuwa na mji huu, walimsimamisha Wissmann wao juu na askari Mwafrika miguuni pake. Waingereza wakamtoa Wissmann, wakampandisha askari juu. Amepanda cheo, ila bado hajaitwa kwa jina.

Ukitoka hapo ukaipita Mnazi Mmoja ukaingia Kariakoo, utakuta ukumbusho wa pili, ambao haukuchongwa na mtu. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, wapagazi wa jeshi lao waliwekwa mahali hapo, na jina la Kiingereza la kikosi chao likamezwa na ulimi wa Kiswahili likatoka Kariakoo. Soko la sasa, kazi ya msanifu Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975; mwaka 2021 liliungua; jina halikuungua. Kwangu mimi Kariakoo ni tungo bora kuliko ile ya Kipling. Ni neno moja, halikuahidi kitu, na limetimiza. Upungufu wake ni ule ule: linakumbuka kikosi, halikumbuki mtu. Na wale wa kikosi cha 301 hawana hata mtaa.

Je, washairi wetu? Mbele ya vita vya pili anasimama Shaaban Robert na Utenzi wa Vita vya Uhuru, kazi ya beti zipatazo 3,000, iliyochapishwa mwaka 1967, yeye akiwa amefariki tangu 1962. (Petard nayo ilivunjwa chuma mwaka huo huo wa 1967.) Ni kazi ya subira kubwa, na wanaoipuuza kwa sababu ya urefu wake wanajinyima. Lakini iko ndani ya ramani. Shaaban alikuwa karani wa forodha mpaka 1944, na vita vilimfikia kwa habari: mataifa yanagombana, majeshi yanasonga, wakuu wanapanda na kushuka. Alitaka kuvikusanya vita vyote, na upana huo ndio fahari ya utenzi na ndio ulioubana, maana katika beti 3,000 za dunia nzima mtu mmoja aliye majini hapati nafasi ya kuvuta pumzi. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, aliyetunga juu ya vita vya Wadachi kutamalaki Mrima, alikuwa na uwanja mdogo zaidi, na kwa hiyo watu wake wana majina, wana miji, wana ndimi za kujibizana. Katika jambo hili namfuata Hemedi.

Vifaa tunavyo. Utenzi ndiyo bahari iliyoumbwa kwa kuhesabu na kutaja. Mizani minane inatosha jina la mtu na la baba yake, na kina cha mwisho kinachorudi ubeti hadi ubeti kinafanya kazi ya kumfungia maiti sanda. Majina nayo yapo. Yamechongwa Nairobi, katika ukumbusho wa Afrika ya Mashariki ulio ndani ya makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong, ambako wameandikwa waliokosa kaburi. Mtungaji anaweza kwenda na daftari.

Ningemshauri asianze na topido. Aanze Kilindini, meli inapopakia, na watu wanaulizana wanapelekwa wapi. Dakika mbili zile azipe beti nyingi kuliko siku zote za safari. Mapipa yanapotupwa, asimhukumu nahodha wala asimtetee. Aweke sauti majini, sauti inayoiona meli ya kwao ikija mbio na kudhani inakuja kuokoa. Majina yafuate hapo, yote, hata kama msomaji atachoka. Na Petard iingie pale inapohitajika, katika ngeli yake ya i-, ipate beti zake chache, ichukue walionusurika, iende zake Addu.