Bustani Kama Takhmisi: Kuisoma Generalife

Kuna watakaouliza mhakiki wa fasihi ana kazi gani na bustani. Swali la haki. Jibu langu ni kwamba bustani ninayoizungumzia leo ina washairi wanaojulikana kwa majina, ina matini yaliyochongwa ukutani, na ina wahariri waliopokezana kwa karne saba. Ina pia wasomaji wengi mno, na wengi wao wanaondoka wakiamini kwamba maneno ya mhariri ni maneno ya mshairi. Kama hilo si jambo la fasihi, basi sijui fasihi ni nini.

Ni Generalife, bustani ya mapumziko ya masultani wa Granada, kusini mwa Uhispania, ng'ambo kidogo tu ya ngome na majumba ya Alhambra. Muhammad wa Kwanza, mwanzilishi wa nasaba ya Banu Nasr, alianza ujenzi wa Alhambra mwaka 1238, na jambo kubwa la mwanzo lilikuwa maji: mfereji wa kuyateka kutoka mto Darro, kilomita kama 6 juu ya mji, na kuyaleta mpaka kilimani. Bila mfereji ule hakuna jumba, hakuna waridi, hakuna shairi. Jina lenyewe, Generalife, ni ulimi wa Kihispania ukijaribu kutamka Jannat al-Arif. Neno la kwanza sisi hatuhitaji kufasiriwa, janna tunaijua. La pili lina ubishi wake, lakini wengi hulichukua kuwa ni msanifu, mtu ajuaye kazi. Bustani ya fundi, tuseme.

Sasa, kuta za majumba haya zinasema. Sisemi kwa sitiari. Washairi watatu walioongoza diwani ya masultani, Ibn al-Jayyab, Ibn al-Khatib na Ibn Zamrak, waliandika mashairi ambayo mafundi waliyachonga kwenye lipu, mbao na marumaru. Mengi yanatumia nafsi ya kwanza: kidaka cha kuwekea mtungi kinajisifu chenyewe, ukumbi unajieleza, chemchemi inamwambia mgeni aitazame vizuri. Birika linalobebwa na simba 12 limezungukwa na beti 12 za Ibn Zamrak. Na tusidhani walikuwa watu wa maua tu. Ibn al-Jayyab alimfundisha Ibn al-Khatib, Ibn al-Khatib akamlea Ibn Zamrak, na Ibn Zamrak akawa miongoni mwa waliomwandama mwalimu wake mpaka akauawa gerezani Fez mwaka 1374. Ukisimama mbele ya nakshi zile, kumbuka kwamba mkono ulioandika ulikuwa na mambo yake.

Pale Generalife penyewe, shairi linalonivuta zaidi ni la Ibn al-Jayyab. Linamsifu Sultani Ismail wa Kwanza kwa kuitengeneza upya nyumba hii mwaka 1319. Msomaji, hebu tulia hapo kidogo. Shairi lililo ukutani ni shairi la ukarabati! Mwaka 1319 tayari kulikuwa na bustani ya zamani, tayari kuna mtu aliyeibadili, na tayari kuna mshairi wa kulitangaza badiliko hilo. Anayekwenda Granada kutafuta bustani ambayo haijaguswa na mkono wa pili anatafuta kitu ambacho hata Ibn al-Jayyab hakukiona.

Kwa hiyo sina ugomvi na ukarabati. Ninachouliza ni ule ule ulizo wa mhakiki yeyote mbele ya matini yaliyohaririwa: je, mshono unaonekana?

Twende kwenye Ua wa Mfereji, moyo wa Generalife. Ni ua mrefu na mwembamba, karibu mita 48 kwa 12, na katikati unapita mfereji wenyewe. Pande zote mbili michirizi ya maji inaruka na kukutana hewani kama matao. Kila mtu anapiga picha pale, na mimi nilipiga. Ni kuzuri, hakuna ubishi. Lakini michirizi ile iliongezwa karne ya 19. Mwaka 1958 moto uliunguza sehemu ya jengo, na balaa lile likawapa wanaakiolojia nafasi ya kuchimba. Walikuta udongo wa bustani ya kale ukiwa chini zaidi ya ule wa leo, na vijia viwili vinavyokatana na kuugawa ua katika sehemu nne. Maana yake ni kwamba mtu wa karne ya 14 alitazama maua kwa juu, kama anayetazama zulia, wakati sisi tunatembea maua yakiwa yametufikia kiunoni. Na mfereji ulikuwa umetulia. Ukitaka kujua tabia ya maji ya zamani, rudi Alhambra uketi kando ya birika la Ua wa Mihadasi: maji yamelala, jumba zima limo ndani yake kichwa chini. Kule maji yanaakisi. Hapa, kwa hisani ya karne ya 19, yanapiga makelele.

Hapo ndipo nilipoanza kufikiria takhmisi.

Wasomaji wa blogu hii wengi wanaijua, ila kwa faida ya wageni: takhmisi ni utungo ambao mshairi wa baadaye huchukua maneno ya mtangulizi wake na kuyaongezea mishororo yake, mpaka kila ubeti ufikie mishororo mitano. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate alifanya hivyo kwa utungo unaonasibishwa na Fumo Liyongo. Katika kila ubeti, mishororo mitatu ya mbele ni ya Sayyid Abdallah, miwili ya mwisho ni ya Liyongo. Msikilizaji anayejua kanuni hajapotea hata mara moja. Anajua anasikia sauti mbili, anajua ipi ni ya nani, na utamu wote uko pale zinapopokezana. Aliyeongeza hakujificha, na hakudai kwamba yeye ndiye Liyongo. Hata hivyo utungo uliopatikana ni mmoja, si vipande viwili vilivyogundishwa.

Kwa kipimo hicho, Granada ina mtunzi mmoja wa takhmisi aliye hodari. Anaitwa Leopoldo Torres Balbás, msanifu aliyesimamia Alhambra tangu 1923 hadi 1936. Kuna ua unaoitwa Machuca ambao upande wake mmoja ulikuwa na ukumbi wa matao uliopotea zamani. Angeweza kuujenga upya kwa mawe na lipu, na leo tungepita tukiamini. Badala yake ukumbi ule umesimamishwa kwa miberoshi, ikapogolewa mpaka ikawa na umbo la matao. Jicho linapata ukumbi wake, ubeti unatimiza vina vyake, lakini hakuna mtoto wala mzee atakayedhani kwamba mberoshi ni nguzo ya Banu Nasr. Mshororo mpya uko wazi kwamba ni mpya. Na kuna lililomhitaji ushupavu zaidi. Mwaka 1859 mkarabati mmoja alikivika kibanda cha Ua wa Simba kuba la vigae vya rangi, maana watu wa wakati ule walitaka jumba la Kiarabu lifanane na ndoto zao za Uarabu. Torres Balbás aliliondoa mwaka 1934 na kurudisha paa la kawaida. Nasikia wengine bado wanaona lile kuba lilikuwa zuri zaidi. Huenda. Lakini lilikuwa mshororo wa mtu mwingine uliotiwa sahihi ya Ibn Zamrak, na kwetu sisi hilo lina jina lake.

Mtunzi hodari naye ana beti dhaifu. Bustani za chini za Generalife, zile ndefu zenye kuta za miberoshi na vyumba vya kijani, alizianzisha yeye mwaka 1931, na mwenzake Francisco Prieto-Moreno akaziendeleza hadi miaka ya 1950. Kama bustani za karne ya 20, ni nzuri mno. Shida yangu iko kwenye mpangilio wa kusoma. Mgeni kwa kawaida hupitia hizo kwanza, ndipo afike kwenye ua wa kale. Ni kama dibaji iliyochapwa bila kuandikwa "dibaji". Unatembea dakika kumi ndani ya ladha ya 1931 na 1951, jicho linazoea, na unapofika kwa Ismail wa Kwanza tayari umeshafundishwa namna ya kumwona. Ukikutana na michirizi ya karne ya 19, unaikubali bila swali.

Najua hoja ya upande wa pili, na ina uzito. Bustani si jiwe. Waridi hufa. Mchungwa hufa. Hata kama Banu Nasr wasingeondoka mwaka 1492, hakuna ua moja la enzi yao lingekuwepo leo. Mtunza bustani lazima apande upya kila mwaka, na kila anapopanda anachagua. Kumdai uaminifu wa herufi kwa herufi ni kumwonea. Nakubali kabisa. Lakini takhmisi nayo haidai herufi kwa herufi. Inadai kitu kidogo zaidi na kigumu zaidi: kwamba aliyeongeza akubali kuonekana kuwa ameongeza.

Na kwa nini sisi wa pwani hii tujali mambo ya Granada? Nina sababu moja ya hakika, na inapitia bustanini. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331. Miaka kama 20 baadaye alifika Granada, na huko, katika bustani ya mwenyeji mmoja, alikaa na watu akiwasimulia safari zake. Miongoni mwa waliokuwepo alikuwa kijana msomi, Ibn Juzayy. Baadaye, huko Fez, Ibn Juzayy huyo huyo ndiye aliyepewa kazi ya kuandika simulizi nzima, iliyokamilika mwaka 1355. Ukurasa maarufu kuhusu Kilwa na ukarimu wa sultani wake umepita kwenye kalamu ya mtu huyo wa Granada.

Sasa mtazame alivyofanya kazi. Mara nyingi anapoingiza lake, shairi au maelezo, anataja jina lake kwamba hapa anasema Ibn Juzayy. Habari ya bustani ile tunaijua kwa sababu alijitaja hivyo, kwamba naye alikuwepo. Huo ni mshono unaoonekana. Lakini kwingine, kwenye habari za Makka na Damasko, kuna vipande virefu vilivyochukuliwa kwa msafiri wa kabla yao, Ibn Jubayr, bila jina kutajwa. Kitabu kimoja, mhariri mmoja, na mshono wa wazi umekaa karibu na mshono wa siri. Sisi tunaoitafuta historia yetu humo tunalipa gharama, kwa sababu ukishajua kwamba sehemu fulani imefichwa inabidi uipime kila sehemu upya, hata zilizo za kweli.

Hilo ndilo linaloniogopesha kuhusu magofu yetu. Sultani yule aliyesifiwa Kilwa, al-Hasan bin Sulaiman, anahusishwa na Husuni Kubwa, jumba lililo juu ya bahari lenye birika la pembe nane. Ni la karne ile ile ya Ibn Zamrak. Sina haja ya kuona kuba la vigae pale, wala michirizi ya maji kwa ajili ya picha za harusi. Lakini pia sitaki tubaki na kilio peke yake. Sayyid Abdallah yule yule wa takhmisi ndiye anayetajwa kuwa mtunzi wa Al-Inkishafi, ambamo majumba ya Pate yamebaki ya popo na ndege, na vidaka vilivyopangwa vyombo vya fahari sasa wanalala makinda ya ndege. Watu wengi wanamkumbuka kwa kilio hicho tu. Mimi namkumbuka kwa vyote viwili. Alijua kulilia gofu, na alijua kuchukua maneno ya marehemu na kuyaongezea yake bila kuyaiba.

Ukijaaliwa kufika Granada, nakushauri uanzie kwenye miberoshi ya Machuca. Soma pale kwanza, uone mshororo mpya ukikaa kwa adabu kando ya wa kale. Halafu panda Generalife, pita bustani za chini ukijua ni za miaka ya 1930 na 1950, uzifurahie kwa haki yao. Ukifika kwenye Ua wa Mfereji, usiangalie michirizi. Iname, utazame maji ya katikati yanavyokwenda polepole. Mfereji ule, pamoja na maandishi ya 1319, ndio mishororo miwili ya mwisho. Mengine yote yameongezwa mbele yake, na mengi yameongezwa vizuri.