Mahari Mara Tatu, Kicheko Sifuri

Nianze na darasa moja la hapa Nyegezi, si mbali na stendi. Ilikuwa Jumamosi, miaka michache iliyopita. Jua linapiga bati, vijana wa kidato cha nne arobaini na kitu wamebanana kwenye madawati, na mimi ndiye mwalimu wao wa tuisheni ya fasihi ya Kiingereza. Nikauliza, kwa Kiingereza, tamthilia ya Three Suitors: One Husband inahusu nini. Kijana wa dawati la mbele akasimama, akafumba macho kidogo, akamwaga: dhamira saba, wahusika sita, mafunzo manne. Hakukosea hata moja. Nikamuuliza, "Ni wapi ulicheka?"

Akanitazama kama nimemtukana. "Ticha, hiyo huwa inatoka kwenye mtihani?"

Nilitaka kumcheka, nikajizuia, maana hata mimi nilifundishwa hivyo hivyo. Shule niliyosoma, sitaitaja, ilikuwa na nakala tatu za kitabu kwa darasa zima. Mwalimu alijaza ubao notisi, sisi tukanakili, tukameza, tukatema siku ya mtihani. Tukafaulu. Kitabu chenyewe nilikuja kukisoma nimeshamaliza shule, nikagundua kumbe ni futuhi!

Kwa asiyekijua: mwandishi ni Guillaume Oyono-Mbia wa Kameruni, aliyefariki mwaka 2021. Aliiandika kwa Kifaransa, ikachapishwa 1964, kisha mwenyewe akaitoa kwa Kiingereza. Huku kwetu ilikaa miaka mingi kwenye orodha ya tamthilia za kidato cha tatu na cha nne, pamoja na The Lion and the Jewel ya Wole Soyinka na The Black Hermit ya Ngugi wa Thiong'o. Juliette, binti msomi, anarudi kijijini na kukuta baba yake, Atangana, ameshapokea faranga 100,000 kutoka kwa kijana mkulima. Halafu anakuja mtumishi wa serikali, anaweka 200,000 mezani. Binti mwenyewe ana mchumba wake, Oko, mwanafunzi asiye na kitu. Afanyeje? Anaziiba zile 300,000 za baba yake na kumpa Oko, ambaye anakuja amejigeuza mtu mkubwa na kulipa mahari kwa pesa za mkwe!

Sasa niambie, hii ni habari ya kufundishia kwa sura iliyonuna? Usukumani, mahali ambapo mahari inahesabiwa kwa ng'ombe na wazee wanaweza kubishana kutwa nzima juu ya mtamba mmoja?

Basi Jumamosi iliyofuata nilisogeza madawati ukutani. Nikasema leo hakuna daftari. Nikachagua baba, mjomba, wachumba, na nikawaambia waseme kwa Kiswahili, mwenye Kisukuma ruksa. Dakika kumi za kwanza zilikuwa za aibu tupu, watu wanajificha nyuma ya wenzao. Halafu kijana mmoja mpole aliyepewa u-Atangana akakunja shati, akakohoa kizee, akaanza kuzihesabu pesa za karatasi huku akilamba kidole. Darasa likavunjika. Wapita njia wakachungulia dirishani.

Tulipofika mwisho, Oko ameshalipa, wazee wameridhika, vigelegele vinapigwa, msichana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. Tangu mwezi wa kwanza sikuwahi kusikia sauti yake. Akasema, "Mwalimu, mbona bado amelipiwa?"

Kimya.

"Si wanasema ameshinda? Lakini ameuzwa vile vile. Tofauti ni kwamba safari hii ameiba hela ya kujinunulia mwenyewe."

Wenzangu, hapo ndipo tamthilia ilipo. Notisi zinasema ujumbe ni kwamba ndoa za kulazimishwa ni mbaya. Oyono-Mbia hakuishia hapo. Pesa inatoka mfukoni mwa baba, inapita kwa binti, inakwenda kwa mchumba, inarudi kwa baba, na utaratibu wa kijiji haujatikisika hata kidogo. Kila mtu anacheza ngoma. Kicheko kinatufanya tushangilie jambo ambalo tungekaa tukalitazama vizuri, lingetuuma. Asiyecheka hawezi kuumwa, na hivyo hafiki kwenye swali la yule msichana.

Na swali lile lilikuja kwa Kiswahili. Kwa Kiingereza asingeliuliza, nina hakika, kwa sababu kwa Kiingereza alikuwa na majibu tu. Tukalichukua, tukakaa nalo saa nzima, tukalijenga kwa Kiingereza sentensi moja baada ya nyingine mpaka likawa aya ya mtihani. Ilikuwa aya yenye makosa mawili matatu ya sarufi, lakini ilikuwa yake.

Najua mtasema, ticha, huo ni upotoshaji, somo ni la Kiingereza. Njia hii si yangu. Mwalimu Nyerere alichapisha Juliasi Kaizari mwaka 1963, akairudia na kuirekebisha 1969, mwaka huo huo akatoa Mabepari wa Venisi. S. S. Mushi akatuletea Makbeth mwaka 1968 na Mfalme Edipode mwaka 1971. Watu hawa walikijua Kiingereza barabara. Walichoonyesha ni kwamba mfalme wa Uyunani na jemadari wa Roma wanaweza kuzungumza na sisi bila kuvaa suti. Leo vitabu hivyo ukivikuta, unavikuta vimekula vumbi.

Nakubali shida zipo. Darasa la watoto themanini huwezi kulisogeza madawati. Mtihani hauulizi ulicheka wapi. Na kuigiza kwa Kiswahili peke yake hakumfikishi mtu kwenye insha ya Kiingereza. Ile saa nzima ya kujenga aya ilikuwa ngumu kuliko maigizo yote. Mwalimu akiiruka, amewapa watoto burudani tu.

Lakini linalonitisha zaidi linatuhusu sisi tunaoandika. Nimesoma miswada mingi ya tamthilia za vijana wa hapa Mwanza, yangu ikiwemo. Mhusika anaingia, anatangaza kwamba rushwa ni adui wa haki, anatoka. Anaingia mwingine, anatoa elimu ya ukimwi. Kila mtu ana ujumbe, hakuna mwenye mama. Tumeyatoa wapi haya? Tumeyatoa ubaoni. Tulifundishwa kwamba tamthilia ni orodha ya dhamira, nasi tunaandika orodha, kisha tunaigawia majina ya watu.

Muswada wangu wa mwisho niliuchukua Jumamosi moja nikawapa wale vijana wauigize. Walijitahidi, wakafika ukurasa wa nne. Yule msichana wa nyuma akaniuliza kwa upole baba wa kwenye mchezo wangu anafanya kazi gani. Sikuwa na jibu. Nimerudi nyumbani naandika upya, na huyu baba nimeshampa mtumbwi, deni na mdomo mchafu.

Darasa bado lipo, kila Jumamosi. Mwenye muswada aje nao, atafute na watu watatu wa kuuigiza.