Kombora, Uraibu na Kuokoka: Maneno Matatu Yasiyofaa Katika Mchezo wa Roketi Ndogo

Istilahi mbaya haiishii kumchosha msomaji. Yaweza pia kumnyima haki yake. Ili kulionyesha jambo hili tumechagua somo linaloonekana dogo: watu wazima wanaourudia mchezo wa kurusha roketi ndogo walioucheza utotoni. Mizani yetu ni msomaji wa wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, kwa kuwa huko maneno matatu ambayo mfasiri wa habari hizi huyakimbilia yana uzito usioonekana mezani pake.

Yafaa kwanza tuueleze mchezo wenyewe. Ulianza Marekani mwaka 1957, pale Orville Carlisle, mwuza viatu aliyependa fataki, alipomwandikia mhandisi G. Harry Stine kumweleza roketi alizokuwa amezitengeneza. Stine alikuwa amehuzunishwa na vijana waliojeruhiwa kwa kujichanganyia baruti wenyewe. Roketi hizo zilikuwa na mwili wa karatasi na mapezi ya mbao nyepesi, na injini yake ni baruti iliyoshindiliwa kiwandani, itumikayo mara moja tu. Huwashwa kwa umeme kutoka mbali, na ikifika juu hufungua parachuti, ikashuka salama ili irushwe tena. Wengi huuacha mchezo huu wafikapo ujana, kisha huurudia wakiwa na kazi na watoto.

Neno la kwanza tunalolipinga ni *kombora*. Kombora ni risasi ya mzinga. Kazi yake ni kupiga na kubomoa. Tuchukue mfano wa mwalimu wa fizikia wa Ngara anayeiandikia ofisi ya wilaya kuomba ruhusa ya "kurusha makombora madogo uwanjani". Ofisa atakayeisoma barua hiyo yuko katika wilaya inayopakana na Rwanda na Burundi. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakaingia Ngara na kupiga kambi Benako. Mkoa wenyewe wa Kagera ulivamiwa na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978. Ofisa huyo akiikataa barua, ni nani atakayemlaumu?

Wala kosa si la hisia tu, bali ni la maana. Kanuni za usalama za chama cha wachezaji wa Marekani, kilichoasisiwa mwaka huo huo wa 1957, zakataza kuilenga roketi kwenye shabaha yoyote, na zakataza kuipakia kitu kilipukacho. Kitu kilichokatazwa kulenga shabaha hakiwezi kuitwa kombora. Tarehe 12 Disemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Malindi, kilirushwa chombo cha kuchunguza mionzi ya eksirei kilichopewa jina la Kiswahili, Uhuru. Je, tungeridhika kusoma kwamba Uhuru ilirushwa kwa kombora? Neno *roketi* lipo, limezoeleka, na latosha. Hatupendekezi hata *roketi ya mfano*, kwa sababu mfano wa ndege hudhaniwa kuwa hauruki, na roketi hii huruka kweli. Iitwe *roketi ndogo*.

Neno la pili ni *uraibu*. Wako waliolitumia kwa maana ya shughuli aifanyayo mtu kwa kuipenda wakati wa mapumziko. Hapo zamani neno hili lilihusu tambuu, tumbaku na vitu kama hivyo, nayo maana hiyo haikuwa mbali sana na starehe. Lakini leo wauguzi na walimu hulitumia kwa utumwa wa dawa za kulevya. Tukiandika kwamba mtu mzima "amerudia uraibu wake wa utotoni", jirani zake wa Biharamulo watamwonea huruma na kumtafutia daktari. Sisi twapendelea *shughuli ya wasaa*, maana wasaa ni nafasi aipatayo mtu akimaliza kazi. Anayeona kwamba *hobi* limekwisha kuenea shuleni hatutagombana naye. Tunagombana na neno linalomgeuza mchezaji kuwa mgonjwa.

Neno la tatu ndilo gumu kuliko yote. Wachezaji wa Marekani walioirudia roketi hujiita kwa mzaha "waliozaliwa mara ya pili". Mfasiri mwepesi ataandika *wanaroketi waliookoka*, na ataona ametenda vyema. Lakini uamsho wa walokole ulichipuka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ng'ambo tu ya mpaka wa Ngara, ukaenea Uganda na Tanganyika. Kwa walioupokea, kuokoka ni kuungama hadharani na kuyaacha maisha ya kale. Sasa tazama: mlokole huyaacha ya zamani, na mrusha roketi huyarudia ya zamani! Mzaha wa Kiingereza umepotea njiani, na mahali pake pamebaki kejeli kwa imani ya jirani. Mzaha haufasiriwi kwa maneno yake, bali kwa kazi yake. Kazi ya mzaha huu ni kutaja marejeo. Basi mtu huyo na aitwe *mrejeaji*.

Hatusemi kwamba istilahi njema huondoa haja ya kibali. Injini hizi ni baruti, na baruti ina sheria yake. Nyasi za kiangazi nazo hazijui mchezo. Tunasema tu kwamba ofisa aombwe ruhusa ya kitu kilivyo. Tumrudie basi mwalimu wetu, na barua yake aiandike hivi: "Mimi ni mrejeaji wa mchezo nilioujua utotoni. Naomba kibali cha kurusha roketi ndogo za karatasi, zishukazo kwa parachuti, kwa somo la fizikia, mahali palipofyekwa nyasi." Ofisa aweza bado kukataa. Lakini safari hii atakuwa amekataa roketi, si vita.